Laki Moja na Sabini Niliyookoa

Gharama yote ni shilingi laki moja na elfu tisini na nne. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza ilikuja laki moja na elfu tisini na tatu na mia tano, kisha nikakumbuka kalamu ya mia tano tuliyoinunua nje ya ofisi, kwa sababu kalamu ya ndani ilikuwa imefungwa kamba mezani na kamba yenyewe haikufika chini kwenye baiskeli ya fundi. Hiyo ndiyo fedha aliyotumia fundi wangu wa viatu kueleza kwa nini hakutumia laki moja na elfu sabini. Anayedhani nimekosea hesabu arudi mwanzo, mie nitamsubiri. Alhamisi iliyopita fundi huyo hakufika kazini. Jirani yake aliyezoea kumsukuma hadi barabarani alimkuta kitandani, amekwenda. Daktari ameandika presha. Sina cheti cha kumpinga daktari, lakini nilikuwa naye mwaka huu wote na najua presha hiyo ilikuwa inapandia ofisi gani.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba huwa sisifu wafu kwa sababu tu wamekufa. Huyu namsifu kwa sababu alinishinda. Alikuwa na meza yake kwenye baraza ya duka la vifaa vya ujenzi, huku kwetu nje ya jiji ambako kila mtu anajenga na hakuna anayemaliza. Miguu ilipooza akiwa mtoto huko kusini, akawa anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu anayoizungusha kwa mikono, na mikono yake ilikuwa minene kama ya mbeba magunia. Nilimpelekea kiatu kwa mara ya kwanza miaka kadhaa iliyopita. Akakigeuza, akasema kubandika soli ni elfu tano. Nikasema elfu tatu. Akakitazama tena kiatu kwa makini, kama kuna kitu amekiona. "Hiyo elfu tatu, mwandishi, ni ya mguu wa kulia au wa kushoto?" Tukakubaliana elfu tatu na mia tano. Tangu hapo kila nilipokuja na kiatu kingine tulianza upya, yeye elfu tano, mie elfu tatu, tukaishia palepale. Nikimwamkia shikamoo, yeye hujibu, "Marahaba. Leo umekuja kunipunguzia nini?" Siku moja nilijitia kumkumbusha kuwa mie ni mteja wake wa muda mrefu. Akasema wateja wa muda mrefu anawajua, ndio waliomlipia kodi. Mie alikuwa ananiweka kundi la maongezi.

Sasa, mkopo. Mnajua kuwa halmashauri hutenga sehemu ya mapato yake kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, na ndani yake kuna fungu la watu wenye ulemavu. Fundi na wenzake wanne waliunda kikundi cha kutengeneza viatu vya shule. Fundi ndiye mwenyekiti, na katibu wao ni mama mmoja mwenye ualbino, mkata ngozi hodari, mwenye kofia pana na ulimi mkali. Waliandika andiko la mradi, wakapiga picha, wakafungua akaunti, wakakubaliwa. Fedha ingekuja kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza, milioni moja laki moja na hamsini, ni ya mashine ya kushonea viatu. Awamu ya pili ni ya ngozi, soli, uzi na gundi, nayo inafunguliwa pale ofisi inaporidhika kwamba ya kwanza imetumika kama ilivyoandikwa. Ukiisoma harakaharaka inaonekana ni busara, na hata fundi aliipenda. Alisema ni kama kushona kiatu, huwezi kufunga soli kabla ya kumaliza juu. Mie nilichoona ni kwamba kwa muda fulani watu watano watakuwa na mashine isiyo na ngozi, na marejesho ya kila mwezi hayatasubiri ngozi ije. Nilimwambia. Akasema ofisi haiwezi kuwa haijalifikiria hilo.

Siku ya kununua mashine aliniomba niwasindikize yeye na katibu hadi Buguruni. "Wewe umenipunguzia mie miaka yote," alisema, "leo kampunguzie mtu mwingine nikiwa natazama." Sijawahi kupewa heshima kubwa zaidi ya hiyo. Duka lilikuwa lilelile lililotoa karatasi ya bei iliyoambatishwa kwenye andiko, milioni moja laki moja na hamsini. Nilianza na laki nane. Mwenye duka akacheka, akaniuliza kama nimekuja kununua mashine au picha yake. Nikaizunguka mara mbili, nikahesabu sindano za akiba, nikakuta zimepungua mbili, nikaonyesha mchubuko kwenye gurudumu. Nikaaga. Nikaitwa. Nikaaga tena. Katibu alikuwa ananifuata kila ninapoaga na kurudi nami kila ninapoitwa, mpaka akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, mie leo nimetembea Buguruni nzima bila kutoka dukani." Mwishowe tukafika laki tisa na themanini, pamoja na risiti halali ya mashine. Laki moja na sabini kamili imeokolewa. Nilimtazama fundi kwa jicho la mtu anayesubiri kupigiwa makofi.

Hapo mwenye duka, akiwa na kitabu mkononi, akainama kwa fundi kwa upole kabisa. "Mzee wangu, nakuandikia ileile bei ya kwenye andiko. Inakuja kwangu yote, halafu hii laki na sabini mnaondoka nayo mkononi. Kila kikundi kinafanya hivyo, hamtakuwa wa kwanza." Naomba nikiri mbele yenu kuwa nilikuwa nimeshaigawanya ile fedha kichwani: ngozi futi kadhaa, soli dazeni mbili, na soda tatu za baridi kwa sababu jua lilikuwa kali. Katibu alikuwa anatazama viatu vyake. Fundi hakuinua hata sauti. "Andika utakacholipwa," alisema. "Kiwete nimeitwa tangu mdogo, nimezoea. Mwizi bado sijazoea, na umri huu sianzi." Mwenye duka akaandika laki tisa na themanini. Fedha hiyo ikahamishwa kwenda dukani, na laki moja na sabini ikabaki kwenye akaunti ya kikundi, safi, halali, haijaguswa. Sijui kama mnaiona balaa ilipokaa. Sie watatu hatukuiona. Tulirudi tunacheka.

Wiki mbili baadaye tulikuwa mbele ya afisa maendeleo wa kata, binti mpole ambaye simlaumu kwa lolote, na nasema hivyo baada ya kujaribu. Alikuwa na risiti upande huu na andiko upande ule, na uso wa mtu anayetafuta namna ya kusema. Fundi alidhani anapongezwa. "Mwanangu, tumeokoa hela ya serikali hapo," alimwambia. "Naelewa, baba," afisa akajibu, "lakini mfumo hauna sehemu ya kuokoa." Fundi akauliza una sehemu gani. "Una fedha iliyotumika na fedha ambayo haijatumika. Hii inasoma haijatumika. Na awamu ya kwanza ikiwa haijatumika yote, ya pili haifunguki." Katibu akavua kofia yake. "Kwa hiyo mwenye duka angetuandikia uongo, saa hizi tungekuwa tunakata ngozi?" Afisa akasema, "Mama katibu, usinilishe maneno." Katibu akasema hamlishi, anamuuliza kama ameshiba.

Dawa, tuliambiwa, ni barua ya maelezo pamoja na ombi la kubadili matumizi, ili ile laki na sabini inunue ngozi. Barua inataka muhtasari wa kikao wenye saini za wanakikundi wote watano. Muhtasari unataka muhuri wa mtaa na wa kata. Vyote vinataka taarifa mpya ya benki, na taarifa ya benki ina tabia ya kuzeeka ikiwa imekaa mezani kwa mtu. Kisha vinapanda manispaa, na kupanda nasema kwa maana ya ngazi, maana meza inayohusika iko ghorofani. Baiskeli ya fundi haiwezi kwenda barabara kuu, hivyo alikodi bajaji, yeye ndani na baiskeli imefungwa juu, elfu kumi na tano kwenda na kurudi. Tulikwenda mara nane. Hiyo peke yake ni laki moja na ishirini. Elfu sabini na nne zilizobaki ni za kurudufu karatasi, picha ndogo, taarifa za benki, nauli za wanakikundi kuja kutia saini, chai, na ile kalamu. Nilijaribu kuchangia akakataa. Alisema nikianza kulipa nitataka na kupunguza.

Mara zote nane nilipanda mie, yeye akibaki chini kivulini na boksi la viatu namba arobaini na mbili mapajani, ambamo alipanga kila risiti kwa tarehe. Nilikuwa nachukua karatasi, napanda, naulizwa swali ambalo jibu analo yeye, nashuka, namuuliza, napanda. Mara ya sita niliulizwa wazo la kupunguza bei lilikuwa la nani. Niliposhuka kumwambia, alicheka mpaka boksi likaanguka. "Kawaambie ni la kwako. Waulize nikufunge mie au watakufunga wao." Mara ya saba tuliambiwa barua ni nzuri ila imeandikwa "tumeokoa," na neno hilo linaleta maswali, tuandike "bakaa." Tukaandika bakaa. Kule nyumbani mashine ilikuwa imewekwa chumbani kwake kati ya kitanda na dirisha, na ili isikae bure alikuwa anaishonea mabaki ya ngozi, vipande visivyotosha hata kisigino, anavishona na kuvifumua. Shule zilifunguliwa, zikafungwa. Watoto wa mtaa mzima walinunua viatu vya dukani ambavyo miezi miwili baadaye vililetwa kwake kubandikwa soli. Na marejesho yalianza kabla ya kiatu cha kwanza, kila mwezi, kutoka kwenye elfu tatu tatu na mia tano za watu kama mie.

Nimefikiria sana habari hii ya awamu. Anayegawa fedha kidogokidogo ana hofu yake, na mie nisiyemwamini hata muuza nyanya nina haki gani ya kumcheka. Watu wanakula mitaji, najua. Nimeona bajaji ya kikundi ikigeuka sherehe ya harusi. Lakini angalieni nani anapewa kazi ya kuifuata awamu. Mfanyabiashara mwenye gari na miguu miwili hupewa chake benki, mara moja, na meneja humsindikiza mpaka mlangoni. Mtu ambaye kila safari yake inahitaji bajaji na mtu wa kupanda ngazi ndiye anayeambiwa aende, arudi, alete nakala, aende tena. Msaada wenyewe ulitolewa kwa sababu ya miguu yake, na kuufuata kulihitaji miguu. Kisha tunapanga karatasi zetu ili kumkamata mwizi, na mwizi wala hakuja, maana mwizi karatasi zake zinalingana hadi senti ya mwisho. Aliyekamatwa ni yule ambaye hesabu yake ilikuwa ya kweli. Hili ndilo linaloniudhi kila ninapokaa kula: ule uongo wa Buguruni ungekuwa rahisi, ungekuwa nadhifu, na ungewapa watu watano ngozi kwa wakati.

Ijumaa tulimzika. Kabla jeneza halijaondoka nyumbani, msemaji wa familia akasimama akasema yanayosemwa: kama kuna mtu anamdai marehemu ajitokeze aonane na kaka yake, na kama kuna mtu marehemu alikuwa anamdai, naye aseme, amfungulie njia. Kwa kawaida hapo watu hutazama chini, na mwenye neno hulimaliza pembeni. Sauti ikatoka upande wa kina mama, kwenye mkeka, na wote tuligeuka kwa sababu wanawake hawasemi wakati huo. Alikuwa katibu. "Serikali inamdai marehemu," alisema, "na marehemu anaidai serikali. Sasa nani aonane na nani?" Kaka mkubwa wa marehemu, mzee mkimya aliyesafiri usiku kucha kutoka kusini, alimgeukia. "Mwenyewe yupo hapa?" akauliza. Akazungusha macho uwanjani. "Hayupo. Basi tuendelee." Tukanyanyua jeneza.

Baada ya maziko kaka yake fundi aliingia chumbani akaikuta mashine, akaishika gurudumu. Akauliza kama ni ya mdogo wake. Katibu akamwambia ni ya kikundi, na kikundi bado kinailipa. "Kumbe ni deni lenye pedali," akasema, akaliacha gurudumu lizunguke mpaka likasimama lenyewe. Hakuomba chochote. Alichukua ndala ambazo fundi alizivaa mikononi akiwa ndani ya nyumba, akazifunga kwenye gazeti.

Siku ya tatu ya msiba afisa maendeleo alikuja, amejifunga khanga, akatoa ubani wake, akakaa chini na wenzake kama mtu. Alipotaka kuondoka alituita pembeni katibu na mie. Alisema hajui kama huu ni wakati wake, ila asingeweza kukaa nalo: barua imekubaliwa. Laki moja na sabini inaruhusiwa kununua ngozi, na awamu ya pili imefunguliwa. Katibu alicheka kile kicheko cha mtu aliyejigonga kidole kwa nyundo. Akauliza wanakwenda lini kuchukua. Afisa akasema, kwa upole uleule, kwamba mtia saini wa kwanza ni marehemu. Benki itataka cheti cha kifo ili kumwondoa. Kikundi kimesajiliwa kikiwa na watu watano na sasa wako wanne, kwa hiyo kinahitaji mwanachama mpya, na mwenyekiti mpya, na kikao, na muhtasari. "Na barua ya maelezo?" katibu akamuuliza. "Na barua ya maelezo, mama." Kaka yake fundi amekubali kufuatilia cheti kabla hajarudi kusini, Mungu amlipe. Lakini shule zinafunguliwa baada ya wiki saba, nimehesabu mara mbili, na kutengeneza viatu vya kutosha kulipia marejesho kunahitaji wiki nne zisizo na vikao. Mashine ipo. Mikono minane ipo. Ngozi haipo. Wakikosa msimu huu wa pili, marejesho yatawashinda, na mashine itachukuliwa ikiwa haijawahi kushona kiatu kizima.

Nikamwambia afisa palepale kwamba ninayo laki moja na sabini yangu mwenyewe. Sijaiokoa popote, ni ya mshahara. Kesho naingia Buguruni nawanunulia ngozi waanze, na fedha yao ikitoka watajua wenyewe. Nilidhani nimemaliza kazi. Alinitazama kwa huruma ambayo sikuitarajia kwa mtu mdogo kiasi kile. "Kaka," akasema, "ukinunua ngozi wewe, hela ya ngozi ikitoka itakuta ngozi imeshanunuliwa. Itasoma haijatumika."

Niliporudi nyumbani nilipiga hesabu nyingine, ambayo hakuna ofisi iliyoniomba. Ili kupata laki moja na elfu tisini na nne za kufuatilia ile barua, kwa bei yake mwenyewe fundi angebandika soli jozi thelathini na tisa. Kwa bei niliyomzoesha mie ni jozi hamsini na sita. Jozi kumi na saba za ziada, ameinama juu ya meza ile, ni zangu. Nimejisifu kwenye safu hii mara nyingi kwa namna ninavyopunguza bei, nanyi mmekuwa mkinicheka na kunisifu. Funzo nililolipata msibani ni fupi na halinifurahishi: kila nilichowahi kupunguza, kuna mtu alikilipa, ila sikuwahi kukaa mpaka nikamwona. Safari hii nimekaa. Na lingine ni hili, kwamba ofisi na mie tuna ugonjwa mmoja. Sote tulimtazama mtu mkweli tukamuuliza kwa nini hesabu yake iko hivyo.

Kwa hiyo leo naomba ushauri, na siombi kwa mzaha. Miongoni mwenu wapo wahasibu, watu wa benki, wastaafu wa halmashauri, watu waliowahi kukaa upande wa pili wa meza ile. Ninazo laki moja na elfu sabini ndani ya bahasha. Nataka ziwafikie watu wanne wenye mashine, ziwe ngozi ndani ya wiki hii, bila kuliharibu andiko lao na bila kumlazimisha yeyote kuandika uongo, maana mwenyekiti wao aliukataa na sitaki niwe mie wa kuuingiza akiwa hayupo. Mwenye kuijua njia hiyo aniandikie. Kama ushauri wake una bei aitaje, nami nitalipa kama alivyoitaja.